Kabla ya Kupanda Minembwe, Tupige Hesabu

Mwanafunzi wa kitivo chetu anayejiandaa kwenda uwandani huulizwa maswali mengi, na mengi ni mazuri. Anachunguza lahaja ipi? Ana dodoso? Wazungumzaji wameridhia? Sijawahi kusikia akiulizwa kompyuta yake itabeba saa ngapi za sauti, wala itapata umeme wapi. Hayo tumewaachia mafundi. Mimi nasema ni maswali ya isimu, na nitachukua mfano wa Minembwe kwa kuwa huko ndiko yanakouma.

Minembwe iko katika nyanda za juu za Fizi, Kivu Kusini, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Anayetaka kuchaji chombo chake hutegemea jua zaidi ya kitu kingine. Kinyamulenge, Kibembe, Kifuliiru na Kinyindu zinasikika katika nyanda hizo, na Kiswahili kinawakutanisha watu sokoni. Mapigano ya miaka hii yamewatawanya wazungumzaji: kuna Wabembe Nyarugusu kule Kigoma, kuna Wanyamulenge Nakivale nchini Uganda na wengine wamefika Marekani. Mzee anayejua jina la kila bonde la malisho hatakusubiri urudi mjini kutafuta diski nyingine.

Tuanze na lililo rahisi. Kinasa sauti kilichowekwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, njia mbili, kinajaza takriban gigabaiti 1 kwa saa. Saa 60 za masimulizi ni gigabaiti 60, na nakala mbili za akiba ni 120 nyingine. Diski za siku hizi zinameza hizo bila shida. Kwa hiyo nafasi ya kuhifadhi, ambayo ndiyo kila mtu huiwazia kwanza, ndiyo inayosumbua kidogo kuliko zote.

Tabu huanza unapofungua sauti ili uitazame. Praat, programu tunayofundishwa mwaka wa pili, ikisoma faili kwa njia ya kawaida huliingiza lote katika kumbukumbu ya kompyuta, na kila sampuli huchukua baiti 8. Saa ile ile moja iliyokuwa gigabaiti 1 kwenye diski inakuwa karibu gigabaiti 2.8. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, na nyingi tunazobeba ni hizo, tayari imetoa sehemu kubwa kwa mfumo wake wenyewe. Inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski na kuurudisha, na kila ukivuta spektrogramu unangoja. Mwenye mashine atasema imezeeka. Haijazeeka. Ukikata faili vipande vya dakika kumi, au ukilifungua kama sauti ndefu ambayo Praat huisoma kidogo kidogo kutoka diskini, mashine ile ile inafanya kazi vizuri. Hili ni somo la dakika tano, na lingeokoa fedha nyingi za maombi ya vifaa vipya.

Mashine mpya yenye nguvu huko inaweza hata kuwa hasara. Chukua paneli ya wati 100, jua zuri la saa nne. Ukitoa kinachopotea kwenye betri na kibadilishi umeme, unabaki na wati-saa kama 300. Kompyuta ndogo inayokula wati 45 itakaa zaidi ya saa sita. Kompyuta kubwa inayokula wati 120 itakaa saa mbili na nusu. Siku ya mawingu gawa kwa mbili, au usigawe, lala tu. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo ninaposoma pendekezo la utafiti linaloomba prosesa ya kisasa kabisa bila kutaja betri hata mara moja.

Kisha kuna foleni. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu namna simu zinavyoingia na laini ngapi zinatosha. Hesabu za foleni zilizokua kutokana na kazi hiyo ndizo wahandisi wa kompyuta wanazotumia hadi leo, na zinasema jambo ambalo akili hulikataa: mhudumu mmoja akiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja kwa wastani hukaa mara mbili ya muda wa kuhudumiwa, akiwa na kazi asilimia 90, hukaa mara kumi. Ikizidi uwezo wake, foleni haiishi tena.

Sasa mhudumu wetu ni nani? Ni anayenukuu. Saa moja ya lugha ya toni, pamoja na tafsiri na uchanganuzi wa mofimu, inaweza kula saa 30 za kazi. Saa 60 za sauti ni saa 1,800. Kwa saa sita kwa siku, ambazo ndizo jua limetupa, ni siku 300, na jua lenyewe haliwaki siku zote 300. Hakuna prosesa itakayopunguza hizo. Kijana wa Minembwe anayeijua lugha na amefundishwa kutumia ELAN anazipunguza, na wawili wanazipunguza zaidi, mradi kila mmoja ana umeme wake. Fedha ziende huko.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba tutume kila kitu mtandaoni, wanukuu watu wa mjini. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde, gigabaiti 60 ni zaidi ya siku tano mfululizo bila laini kukatika. Diski ndani ya begi, hata kwa miguu hadi Baraka, inafika mapema. Wengine hubana sauti na kuituma kwa WhatsApp. Kwa kusikiliza hadithi, sawa. Kwa kupima irabu, mbano huo unaharibu hicho hicho ulichofuata.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni uwezo unapokwisha katikati. Mtafiti anaanza na familia iliyompokea, ananasa lugha yao hadi betri na siku zinakwisha, halafu anaandika kwamba lugha nyingine "zitafuatia". Kwingine ni upungufu wa kawaida. Minembwe, ambako suala la nani mwenyeji limemwaga damu, rekodi arobaini za jirani mmoja na mbili za mwingine husomwa kama msimamo, hata kama sababu ilikuwa betri. Mgao lazima uandikwe kabla ya safari: saa ngapi kwa Kibembe, ngapi kwa Kinyamulenge, ngapi kwa Kifuliiru, na Kinyindu, ambayo husahauliwa kwa urahisi zaidi, ipewe siku zake mwanzoni wakati betri bado ni mpya.

Ninachoomba kwa idara ni ukurasa mmoja ndani ya pendekezo la utafiti, wenye saa za sauti, gigabaiti, wati-saa, saa za kunukuu na mgao wa lugha. Msimamizi aukague kama anavyokagua dodoso, na akiona hesabu haitoshi, apunguze saa za sauti kabla mwanafunzi hajapanda mlima.