Ardhi "isiyotumika" ni ya nani?

WAKULIMA wengi wilayani Kilosa hulipumzisha shamba kwa misimu kadhaa ili lirudishe rutuba. Mfugaji naye huziacha nyasi za bondeni hadi kiangazi. Mgeni akipita hapo huona pori tu, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Lakini Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka huo huo, katika kueleza maana ya "ardhi ya jumla", iliingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya jumla iko mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo kubishania neno "isiyotumika" ni kubishania ugali wa familia.

Kilosa inajua gharama ya migogoro ya ardhi. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mbali na msiba huo, hofu ikitanda, muuza mahindi na mnunuzi wa ng'ombe wote hukosa soko.

Kinga iliyopo ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotambuliwa na Sheria Namba 6 ya mwaka 2007. Shamba lililopumzishwa liandikwe kuwa shamba, na bonde la kiangazi liandikwe kuwa malisho. Njia za mifugo zitengwe, na kingo za mito kama Mkondoa, uliofurika vibaya mwishoni mwa mwaka 2009, zisilimwe.

Wapo wanaolalamika kwamba upimaji ni ghali. Ni kweli, lakini kesi na mazao yaliyoliwa ni ghali zaidi. Hata hivyo, ramani iliyochorwa haraka bila wafugaji na wanawake kusikilizwa huzaa ugomvi mpya.

Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji anayeukwepa mkutano huo anawaachia wengine waamue shamba lake liitwe nani. Ahudhurie, aulize maana ya kila neno, kisha adai hati yake ya hakimiliki ya kimila. Mali bila daftari hupotea bila habari.