Chupa Moja kwa Uchovu na Tumbo

Wauza dawa za nguvu hawakosekani mitaani mwetu. Mara ni chupa, mara ni unga katika kopo, na ahadi ni ile ile: itaondoa uchovu, itasafisha tumbo na kurudisha hamu ya kula. Kina mama hununua, kwani ni nani miongoni mwetu asiyechoka?

Biashara hii ni kongwe. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, mwanasiasa Dudley LeBlanc, asiyekuwa daktari wala mfamasia, aliuza katika miaka ya 1940 dawa iitwayo Hadacol. Chupani mlikuwa na vitamini za kundi B, madini kidogo, asali, na alkoholi asilimia 12, karibu sawa na mvinyo. Ilidaiwa kuwa ni ya kuihifadhi dawa isiharibike. Mwaka 1950 alizungusha msafara wa waimbaji na wachekeshaji mashuhuri mji baada ya mji, na kiingilio kilikuwa ni vifuniko vya maboksi ya Hadacol. Mwaka 1951 aliiuza kampuni, na muda si muda ikafilisika. Wanywaji waliosema wamechangamka hawakusema uongo, kileo huchangamsha.

Kwetu sisi hilo si la kupuuzwa, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kuifanya khamri kuwa dawa. Chupa isiyoandikwa viambato vyake isiingie nyumbani. Iliyoandikwa isomwe, na neno alkoholi au ethanoli likionekana, aulizwe mfamasia kama ipo nyingine isiyo nayo.

Ipo hasara ya pili, nayo hututia hofu zaidi. Uchovu ni dalili tu. Mama anayetokwa na damu nyingi kila mwezi, au aliyezaa kwa kufuatanisha, huishiwa madini ya chuma, na damu ikipungua hata ngazi chache humkata pumzi. Minyoo ya safura hunyonya damu. Kisukari nacho huchosha. Tumbo linaloungua wiki baada ya wiki laweza kuwa na kidonda, na choo cheusi kama lami huashiria damu inayovuja ndani: hapo ni hospitali siku ile ile. Aliyetulizwa na chupa huchelewa miezi, na maradhi hayamngojei.

Kupima wingi wa damu ni jambo dogo, hata katika zahanati nyingi. Ikionekana ni chache, daktari huandika vidonge vya madini ya chuma, na hapa ndipo mazoea yetu ya chai yanapotuponza, maana chai huzuia mwili kuyapokea madini hayo. Vimezwe kwa maji au kwa juisi ya chungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Vidonge hivyo huweza kukifanya choo kuwa cheusi pia, kwa hiyo anayevitumia amtajie daktari. Na aliyekwisha kununua ile chupa asiifiche. Aende nayo kliniki, isomwe.