Sindano na Subira



Mama aliyeshuka kutoka vilimani mpaka Nyabiondo, akiisha kupigwa sindano ya penisilini, hutamani kurudi nyumbani mara moja. Njia ni ndefu, mvua yakaribia, na watoto wanamngoja. Twamwelewa. Lakini leo twamsihi akae kwanza nusu saa karibu na muuguzi.

Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jambo la ajabu. Mbwa aliyestahimili sumu ya kiumbe cha baharini alitiwa tena sumu kidogo baada ya majuma machache, naye akafa upesi. Mwili ulikuwa umejifunza kuikataa, kama mlinzi anayepiga kwa nguvu mno hata kuibomoa nyumba anayoilinda. Hali hiyo yaweza kumpata mwanadamu pia, kwa dawa, kwa chanjo au kwa sumu ya nyuki.

Tangu mwaka 1911 waganga huko London walianza kutibu mzio kwa sindano za kitu kile kile kinachomdhuru mgonjwa, kidogo kidogo, ili mwili ukizoee. Hata leo mgonjwa wa sindano hizo hangojeshwi chini ya nusu saa.

Mkono ukivimba kidogo au kuwasha mahali pa sindano, msiogope; jambo hilo hupita. Bali vipele vikienea mwilini, midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikizuiliwa, au kizunguzungu kikimshika mgonjwa, mwiteni muuguzi pale pale. Mgonjwa asisimamishwe wala kutembezwa. Dawa yake ni adrenalini, nayo hupigwa pajani bila kukawia. Kituoni yaweza kupatikana. Njiani, katikati ya vilima, haipo. Wala mchuuzi wa dawa sokoni hanayo.

Hatusemi mkimbie sindano: mashaka hayo ni haba, na sindano zimeokoa wengi. Twasema, kabla ya kupigwa, mwambieni muuguzi dawa iliyowahi kuwadhuru.

Nanyi wanafunzi, mkimsindikiza mdogo wenu kwenye chanjo, msimharakishe. Asiye na saa asali Rozari taratibu, mafumbo yote matano, kisha apumzike kidogo. Haraka haina baraka.