Tela lifungwe breki kila linaposimama

Kila mwaka, msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Mei, barabara za Mkoa wa Simiyu hujaa malori. Yapo yanayoingia vijijini huko Itilima, Meatu na Maswa kuchukua pamba mbegu katika maghala ya vyama vya msingi vya ushirika. Yapo yanayopanga foleni nje ya viwanda vya kuchambulia pamba, na yapo yanayobeba marobota kuyapeleka bandari ya Dar es Salaam. Tangu barabara ya kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi iwekwe lami, lori lenye tela limekuwa kitu cha kawaida machoni petu. Hayo ni maendeleo, nasi tunayafurahia, maana mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini hauwezi kuishi bila malori.

Lakini lori halipo njiani saa zote. Saa nyingi za siku limesimama: linapakiwa, linangoja zamu yake kiwandani, au dereva wake anakula. Na hapo linaposimama ndipo watu wanapolikaribia zaidi. Wapakiaji hupanda juu yake, utingo huingia chini ya tela, mama lishe huweka meza yake kivulini mwake, na watoto hucheza nyuma yake. Tunapozungumzia usalama barabarani tumezoea kutaja mwendo wa kasi, ulevi na uchovu. Ni nadra sana kulitaja gari lililosimama. Leo tunapenda kulisemea hilo.

Swali lenyewe ni hili: je, dereva wa lori lenye tela afunge breki za tela wakati gani anapoegesha? Wapo wanaoamini kwamba breki za kichwa zinatosha, na kwamba za tela ni za mlimani tu. Wapo wanaosema huku kwetu ni mbuga tambarare, kwa hiyo hakuna haja. Sisi tunasema kwamba zifungwe kila mara dereva anapoondoka kwenye kiti chake, hata kama ni kwa dakika tano, na hata kama ardhi inaonekana imelala sawasawa kama meza. Jicho la mwanadamu si pima maji. Mteremko mdogo usioonekana unatosha kuliondoa gari zito, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu msafara wa kichwa na tela kufikia tani 56. Uzito kama huo ukishaanza kusogea, hakuna mtu awezaye kuuzuia kwa mabega.

Ni vyema wasomi wetu wasio madereva nao wafahamu jinsi breki hizi zinavyofanya kazi. Breki za upepo zilianzia kwenye garimoshi, pale Mmarekani George Westinghouse alipozibuni mwaka 1869. Katika malori ya siku hizi, breki ya kuegeshea hushikwa na springi yenye nguvu, na kazi ya upepo ni kuikandamiza springi hiyo ili gari liweze kwenda. Dereva anapofunga breki huutoa upepo, springi ikajinyoosha, magurudumu yakashikwa. Kwa hiyo hata upepo wote ukiisha usiku, springi inaendelea kushika.

Hatari iko kwenye tela. Katika malori mengi, kuvuta mkono wa breki ndani ya kichwa hufunga springi za kichwa, lakini tela hushikwa kwa nguvu ya upepo tu. Vivyo hivyo, mpira mwekundu wa upepo unapochomolewa, tela hujifunga kwa upepo uliobaki katika mtungi wake. Upepo huo huvuja. Tela lililoshikwa imara saa kumi na mbili jioni linaweza kuwa halina breki hata kidogo kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana matela mengi yana kitufe chekundu ubavuni, ambacho dereva hana budi kushuka na kukivuta ili springi za tela zenyewe zishike.

Wakati wa kuunganisha au kutenganisha kichwa na tela ndio wa hatari kuliko wote. Dereva akiurudisha mpira mwekundu mahali pake, upepo huingia katika tela na kuzifungua breki zake. Ikiwa kitufe cha tela hakikuvutwa, na breki ya kichwa nayo haikufungwa, basi gari zima huondoka, naye dereva amesimama katikati ya kichwa na tela. Utaratibu ni mwepisi: kwanza breki ya kichwa, kisha kitufe cha tela, kisha kabari chini ya magurudumu, ndipo mipira iguswe.

Hatusemi kwamba hakuna wakati wa kungoja. Dereva arudiye kutoka Dar es Salaam, akishauteremka mlima Sekenke huko Singida, breki zake huwa zimepata moto mkali. Kuzifunga papo hapo kwa nguvu ya springi kunaweza kuharibu dramu. Huyo atafute mahali tambarare, utingo atie kabari, na dereva abaki kwenye usukani mpaka breki zipoe, kisha azifunge.

Lakini si haki kuwatupia madereva lawama zote. Wengi wao huacha breki za tela bila kufunga kwa sababu wanajua hali ya magari waliyopewa. Mipira imepasuka, viungo vinavuja, na upepo ukishatolewa huchukua muda mrefu kujaa tena huku injini ikiteketeza mafuta ambayo tajiri ameyapima. Wapo mafundi ambao, springi ikikwama, huibana kwa boliti ili gari liweze kuendelea na safari. Hiyo ni njia halali ya kuliondoa gari bovu njiani na kulifikisha gereji. Ila boliti hiyo ikiachwa humo msimu mzima, tela hilo halina breki ya kuegeshea, hata dereva avute kitufe mara mia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwangalii dereva peke yake; mwenye gari anayeruhusu gari bovu litembee naye ana kesi ya kujibu.

Kuhusu kabari, wazee wanakumbuka kwamba zamani utingo hakupanda gari bila gogo lake. Gari lilipopunguza mwendo, yeye alikwisha ruka chini. Desturi hiyo ilikuwa njema, na inafaa irudi katika umbo la kabari za mbao zilizochongwa vizuri, mbili kwa kila gari, zinazosafiri pamoja na gari. Mawe ya kuokota si badala yake. Jiwe huteleza, na mara nyingi gari likiondoka jiwe huachwa katikati ya lami, likingoja mwenye pikipiki apitaye usiku.

Mwezi Juni 2023, katika njia panda ya Londiani nchini Kenya, lori liliwaingia watu waliokuwa kandokando ya barabara na kuua zaidi ya 50. Hilo lilikuwa likienda, wala hatulifananishi na lori lililoegeshwa. Tunalikumbusha kwa sababu lilionyesha uzito wa aina hiyo unafanya nini unapokutana na watu sokoni. Nasi hapa tunaegesha malori katikati ya masoko yetu, Lamadi, Maswa na Bariadi mjini.

Tunawaomba, kwa hiyo, wenye malori wakague matela yote, mipira, springi na kabari, kabla ya msimu kufunguliwa. Tunawaomba viongozi wa vyama vya msingi na wa viwanda wasiruhusu mtu kupanda kupakia mpaka breki za tela zifungwe na kabari ziwekwe. Tunaliomba Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, lifike pia katika maghala na maegesho, si barabarani peke yake.

Tumezoea kusema ajali haina kinga, na tukishasema hivyo tunazika na kusahau. Ajali hii kinga inayo. Ni kitufe cha kuvuta na kipande cha mbao. Mkulima aliyeipalilia pamba yake miezi yote hiyo hastahili kupoteza mtoto siku ya kuipeleka kuiuza.