Chakula cha Farasi na Chakula cha Watu: Oats Inatufundisha Nini Sisi wa Kambini

Zamu hii ya kuandika ni yangu, na nimechagua kitu ambacho wengi wetu hatujawahi hata kukionja: oats. Msicheke kwanza. Najua mgao wetu ni unga, maharage, mafuta na chumvi, oats haimo. Lakini nafaka hii ilidharauliwa sana, halafu ikaja kuheshimiwa, na habari yake inagusa swali tunalobeba kila siku ya mgao: nani anaamua kwamba chakula hiki ni cha watu na kile ni cha wanyama?

Tuanze na jina. Ukiuliza oats ni nini kwa Kiswahili, wengi watakwambia shayiri. Lakini shayiri ni neno lililotoka Kiarabu, na ni nafaka nyingine: ndiyo ile ya kutengenezea bia, na ndiyo ile ya mikate mitano ya yule kijana katika Biblia. Oats ni ndugu yake tu. Punje za shayiri zimebanana kwenye suke, za oats zinaning'inia kwenye vijitawi kama mpunga. Kuchanganya hizi mbili si ajabu, hata Mrumi wa zamani aliyeitwa Pliny aliandika kwamba oats ni shayiri iliyoharibika. Yaani tangu zamani oats imesemwa vibaya! Mimi nitasema oats tu, kama wanavyosema wauza duka.

Oats inapenda baridi na mvua. Inakubali udongo ambao ngano inaukataa. Ndiyo maana Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, watu waliishi kwa oats miaka mingi: uji asubuhi, mikate migumu ya kubeba safarini. Kwa majirani zao Waingereza wa kusini, ambako ngano inastawi, oats walipewa farasi. Mwaka 1755 Mwingereza mmoja msomi, Samuel Johnson, alitoa kamusi kubwa ya Kiingereza. Alipofika kwenye neno oats akaeleza kwamba ni nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi, lakini huko Uskoti ndiyo inalisha watu. Ona hiyo. Kamusi, kitabu cha kueleza maneno, kinatumika kuchoma watu. Na kati ya wasaidizi wake sita waliomwandikia kamusi hiyo, watano walikuwa Waskoti! Inasimuliwa kwamba bwana mmoja wa Kiskoti alipoisikia akajibu: ndiyo maana Uingereza inasifika kwa farasi wake, na Uskoti kwa watu wake. Mimi hilo jibu nimelipenda. Hakukana kwamba kwao wanakula oats. Alikataa dharau tu.

Marekani pia ilikuwa hivyohivyo. Miaka ya 1850 Wamarekani wengi waliona oats ni chakula cha farasi. Aliyesaidia kubadilisha mambo alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, Ferdinand Schumacher, mwenye duka katika mji wa Akron, Ohio. Alianza kusaga oats na kuuza. Wateja wake wa mwanzo walikuwa hasa wahamiaji wenzake, waliozoea uji huo kwao. Wengine wakawacheka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, jeshi likahitaji chakula kingi, na oats zake zikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 1997 serikali ya Marekani ikaruhusu makampuni yaandike kwenye pakiti kwamba kula oats kunaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa sababu ya aina ya nyuzinyuzi iliyomo. Leo nenda supamaketi ya Nairobi au Dar es Salaam uone bei ya pakiti moja. Na hukohuko Kenya, kwenye nyanda za juu zenye baridi, wafugaji wanalima oats kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa.

Nafaka ni ileile. Haikubadilika punje hata moja. Waliobadilika ni watu wanaoisema.

Sasa tuje kwetu. Sisi hatuna oats, lakini tuna dona. Unajua jinsi watu wanavyoisema dona: ugali wa jela, ugali wa shule ya bweni, ugali wa maskini. Sembe nyeupe ndiyo ya heshima. Lakini kusaga sembe ni kuondoa ganda la punje na kiini chake, na huko ndiko kwenye sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Kinachoondolewa tunakiita pumba, tunawapa kuku na nguruwe. Oats haifanyiwi hivyo: kwa kawaida inatolewa ganda la nje lisiloliwa tu, pumba yake inabaki ndani. Yaani anayenunua oats kwa bei kubwa kwa ajili ya afya, sehemu ya anachonunua ni pumba!

Na angalia lugha yetu. Mtu akiongea upuuzi tunasema "anaongea pumba". Akifukuzwa kazi, "amemwaga unga". Unga mweupe ni maisha, pumba ni takataka. Kiingereza nacho kina misemo yake ya oats. Mtu aliyechangamka na kujiamini wanasema anazisikia oats zake, kama farasi aliyeshiba anayerusha miguu. Aliyepoteza hamu ya kula, Waingereza wanasema ameziacha oats zake, kama farasi mgonjwa. Misemo hiyo miwili imetoka zizini. Sisi tuna methali inayosema yote mawili kwa pamoja: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Ndugu zangu wa mashirika, hii naomba muikumbuke mnapoandika kwamba vijana wa kambi "hawana moyo wa kushiriki". Mgao ukipunguzwa, mtu anayekula mara moja kwa siku hatakuja kwenye semina saa mbili asubuhi akiwa anaruka kama farasi.

Kuna msemo wa tatu, na huu ndio uliofanya nianze kufikiria mambo haya. Katika semina moja nilikuwa natafsiri kwa wazazi. Mgeni, mtu mwema kabisa, akasema kwa Kiingereza kwamba tusiwahukumu sana vijana, kwa sababu ujanani kila mtu hupanda oats za mwituni. Nikawaambia wazazi: anasema vijana damu bado inachemka. Wakaelewa, wakacheka. Lakini nilitaka kujua kwa nini oats, na kwa nini za mwituni.

Kumbe oats ya mwituni ni gugu la kweli. Inaota katikati ya ngano, na ikiwa changa inafanana sana na oats nzuri. Inadondosha mbegu kabla ya mavuno, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa ndipo ziote. Hata kwenye mashamba ya ngano ya Kenya inasumbua wakulima. Kwa hiyo kupanda oats za mwituni ni kuchukua shamba zuri ukalijaza magugu kwa mikono yako. Waingereza wanausema msemo huu kwa kijana anayekunywa, anayekimbizana na wasichana, anayepoteza muda. Lakini wanausema kwa kusamehe: muacheni, atatulia, atapanda mbegu nzuri baadaye.

Hapo ndipo nina swali. Anayepanda, hata kama ni magugu, ana shamba. Kijana wa mwenye mali akilewa, ni ujana, yatapita. Kijana wa kambi akilewa, anaingia kwenye ripoti. Anaitwa "changamoto", anaitwa "kundi lililo hatarini", anaitwa "tishio la usalama". Kosa ni lilelile, kama nafaka ilivyo ileile. Kinachotofautiana ni nani anasemwa, na nani ana kalamu ya kumsema. Mimi siteteei ulevi. Nimeona wenzetu wakiharibika kwa pombe ya magendo, na dada zetu wakiachiwa mimba na vijana waliokimbia. Magugu ni magugu. Nasema kama kusamehewa kupo, kuwepo kwa wote, na kama tunataka kijana apande mbegu nzuri, awe na pa kupanda. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuna watu hapa wamekuwa wageni zaidi ya miaka 20. Jembe liko wapi? Wenzetu walioko Uganda angalau wengi wanapewa kipande cha ardhi, hata kama ni kidogo na kinazidi kupungua. Sisi wa upande huu, kutoka tu nje ya kambi kunataka kibali.

Turudi kwenye chakula. Najua kuna mtu ataniambia: "Wewe unatetea dona na pumba ili mashirika yapate kisingizio cha kutuletea makapi. Watasema ni lishe bora, halafu watapunguza kilo." Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki. Nimesikia mara nyingi neno "lishe" likitangulia habari mbaya. Unga ulioongezwa vitamini ni mzuri, lakini vitamini haiwezi kujaza pengo la kilo zilizoondolewa. Hayo ni mambo mawili, tusikubali yachanganywe.

Mwingine atasema chakula ni chakula, mwenye njaa hachagui. Hapo nakataa. Tazameni tena tofauti kati ya farasi wa Uingereza na mtu wa Uskoti. Wote walikula oats. Farasi alimwagiwa kwenye hori, akala alichopewa. Mskoti alilima, akasaga, akapika anavyojua, akamfundisha mtoto wake. Tofauti haikuwa kwenye nafaka. Ilikuwa kwamba mmoja aliulizwa na mwingine hakuulizwa. Chakula kinakuwa cha mifugo pale anayekula hana neno la kusema juu yake. Hata wali wa nazi ukimwagiwa kwa staili hiyo, unakuwa hori tu.

Na kutoulizwa kuna gharama, si hisia tu. Ukipewa mahindi ya punje, mashine ya kusaga inataka hela, na asiye na hela anaacha sehemu ya mahindi kwa mwenye mashine. Mgao umepungua kabla haujafika jikoni. Maharage yaliyokaa sana ghalani yanakula kuni mpaka jioni, na kuni hizo anayezifuata ni dada yako, porini, ambako sote tunajua kuna hatari gani. Sisi tuliotoka Kivu tumekulia bugali ya muhogo na sombe. Mrundi jirani yangu yeye anataka maharage na ndizi. Hivyo watu wanauza sehemu ya mgao sokoni kwa bei ya kutupa ili wanunue wanachojua kupika. Halafu anakuja mtu anaandika kwamba wakimbizi wanauza chakula, kwa hiyo hawana njaa. Angeuliza kwanza, angejua.

Kwa hiyo nina maombi matatu, hayahitaji bajeti kubwa.

La kwanza, kwa ninyi wa mashirika. Kabla hamjabadilisha aina ya nafaka, kaeni na akina mama wa vijiji viwili vitatu vya kambi na muulize: mnaisagaje, mnaipikaje, inataka kuni kiasi gani, mtoto anaikubali? Na majibu yarudi kwetu. Kuulizwa bila kuona matokeo ni kuchoshwa tu.

La pili, kwenu wafanyakazi wa lishe. Msituambie tu "ni nzuri kwa afya". Tuelezeni ndani ya ganda kuna nini na kiini kina nini. Tuna akili. Mtu akielewa kwa nini dona ina nguvu kuliko sembe, atakula bila aibu, na ataweza pia kuwabishia mkimletea kitu kibovu.

La tatu, kwetu sisi vijana. Tuache kuchekana kwa chakula. Mtoto akibeba uji wa lishe kwenye kikombe, tusimwite majina. Msichana akipika dona, tusiseme nyumba yao imefulia. Hayo maneno wala hayakuletwa na mashirika. Tunayasema sisi wenyewe, asubuhi mpaka jioni, na kila tukiyasema tunakubaliana na Johnson kwamba kuna watu wanaokula chakula cha farasi.

Mnaosoma, andikeni hapa chini: ni chakula gani kinadharauliwa kwenye kambi yenu, kinaitwaje, na nyumbani mlikuwa mnakipikaje? Nataka tuyakusanye majibu tuyapeleke kwenye kikao kijacho cha viongozi wa vijana, yakiwa kwa maneno yetu wenyewe.