Mashimo 12, sauti 2

KONA YA MTAA na Njeri Chebet

Kwaya za huku Kiamunyi zimeshikwa na hamu ya kujirekodi, nami naziunga mkono. Studio za mjini Nakuru zina gharama yake, na kukusanya waimbaji wote siku ya kazi ni mtihani. Laptopu ya mtumba iliyowekewa Ubuntu, aina ya Linux, haidai leseni, na Ardour, programu ya kurekodi aliyoianzisha Paul Davis, inaifanya kazi hiyo vizuri. Shida iko kwenye kadi ya sauti.

Watu hununua kwa kuhesabu mashimo. Chukua Yamaha MG12XU: mikisa safi kwa ibada, chaneli 12, tena ina USB. Lakini waya huo wa USB hupeleka kwenye laptopu chaneli 2 tu, kushoto na kulia, kila kitu kikiwa kimeshachanganywa. Besi ikiteleza kwenye ubeti wa pili, huwezi kuigusa bila kugusa ngoma na kinanda. Muuzaji hakukudanganya, hukumuuliza.

Muulize hivi: ni chaneli ngapi zinazofika kwenye laptopu, kila moja peke yake? Akishajibu, dodosa zaidi. Behringer UMC1820 inajivunia chaneli 18 za kuingiza, ila za kuchomeka maiki ni 8. Nyingine 8 hupitia ADAT, inayotaka kifaa cha ziada, na 2 ni za S/PDIF. Kwa kwaya ya mtaa, 8 zinatosha kabisa.

Naipendelea UMC1820 kwa sababu vitufe vyake viko usoni, na inafuata kanuni ya kawaida ya sauti kwenye USB, hivyo Linux huitambua bila draiva ya kampuni. Kadi kubwa za Scarlett za Focusrite hupangwa kwa programu ya Windows na Mac. Tungekwama, lakini Geoffrey Bennett alituandikia draiva ya kuzitawala, nayo ikaingizwa kwenye kiini cha Linux. Za FireWire, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, ziache. Laptopu za siku hizi hazina tundu lake.

Nenda dukani na laptopu yako. Chomeka, andika arecord -l kwenye terminali, uone kama jina la kadi litatokea. Kisha soma faili /proc/asound/card1/stream0 (namba ya kadi hubadilika) utafute neno Channels chini ya Capture. Likisema 2, rudisha kwenye kasha. Muuzaji akikataa kufungua kasha, aga uende zako.

Chaneli 8 za biti 24 kwa Hz 48,000 hula takriban GB 4 kwa saa, kwa hiyo ibada ya saa 3 itataka GB 12 na ushee. Halafu kuna stima. Ikipotea katikati ya wimbo, laptopu itaendelea kwa betri, lakini UMC1820 hutegemea adapta ya ukutani na itazima papo hapo. Kwenye bajeti ya kamati andikeni UPS ndogo pia, hata mweka hazina akikunja uso.