Der, die, das: mtoto wa Tana, hizi ni ngeli tu

Watu wangu wa Garsen, Minjila, Ngao mpaka Hola, leo naongea na nyinyi mnaosoma Kijerumani. Najua mko wengi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa kazi na uhamiaji pale Berlin, Septemba 13, 2024, kila mtaa una mtu anatembea na daftari la Kijerumani. Na kilio ni kimoja: der, die, das. "Mazee, eti meza ni mwanaume? Kwani ina ndevu?"

Msimamo wangu ni huu, na anayetaka kubishana aje: mtoto wa Tana River ana kichwa kilichojiandaa kwa der, die, das kuliko mtu aliyekulia Kiingereza pekee. Shida ni kwamba karibu kila somo tunalopewa linapitia Kiingereza, lugha ambayo kiti, mto na shangazi yako vyote vinavalishwa kineno kimoja. Ukipitia huko, lazima Kijerumani kionekane kichaa.

Tuanze na hizo ndevu. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vyote viko mezani pamoja na hakuna aliyekagua jinsia ya kijiko. "Kiume" na "kike" hapa ni majina ya makundi tu. Na sisi tuko vilevile: kalamu hii, daftari hili, kitabu hiki. Vitu vitatu ndani ya begi moja, makundi matatu. Nani alikueleza kwa nini? Hakuna, na hujawahi kulalamika.

Angalia pia vile kundi linavyotawala sentensi. Sisi tunasema kiti kikubwa, mti mkubwa, jiwe kubwa. Mjerumani anasema ein großer Tisch kwa meza kubwa, eine große Tür kwa mlango mkubwa, ein großes Haus kwa nyumba kubwa. Sifa inafuata nomino. Wewe umefanya hivyo tangu unanyonya.

Halafu kuna ile inayowachekesha wengi: msichana ni das Mädchen, si die. Watu wanasema Wajerumani wamemkosea dada yetu. Hapana. Hapo mwisho kuna -chen, kiambishi cha kudogosha, na kila kinachoishia na hiyo -chen ya udogo kinaingia kwenye das. Sasa jiulize, mtoto analia, lakini ukimdogosha? Kitoto kinalia. Umebadilisha ngeli kwa kuongeza kiambishi, na yule mtoto bado ni mtu.

Na si Kiswahili tu. Hapa sokoni Garsen unasikia Kipokomo, ambacho ni Kibantu na kina ngeli zake. Unasikia Kiorma na Kisomali, lugha za Kikushi zinazogawa nomino kwa kiume na kike. Waliopita madrasa wanajua kwamba kwa Kiarabu jua, shams, ni la kike, na mwezi, qamar, ni wa kiume. Kijerumani ni hivyohivyo: die Sonne, der Mond. Ukienda Kifaransa wanageuza, jua la kiume na mwezi wa kike. Kwa hivyo usitafute sababu angani. Ni mpangilio wa lugha.

Kitu kingine ambacho hatuambiwi: njia hii Wajerumani waliipita kwanza, wakija upande wetu. Wamisionari wa Neukirchen walifika Tana mwisho wa miaka ya 1880 na kuweka kituo Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo, na miaka ya 1890 akachapisha msamiati na sarufi yake. Mtu aliyezaliwa na makundi matatu akakaa kando ya mto kujifunza ngeli zetu zote. Basi sisi matatu yatushinde?

Lakini sitawadanganya, kuna tofauti. Nomino zetu nyingi zinabeba alama mbele: ki-, m-, u-. Ya Kijerumani mara nyingi haikwambii kitu. Ndiyo maana usiandike Tisch peke yake. Andika der Tisch, die Tische, umoja na wingi pamoja, kama vile shuleni ulivyoimba kiti-viti, mti-miti. Kurasa tatu, kundi moja kila ukurasa.

Kuna vidokezo pia. Maneno yenye kiambishi -ung, -heit, -keit au -schaft ni die. Siku za wiki na miezi ni der. Na maneno yaliyounganishwa yanafuata la mwisho: hospitali ni das Krankenhaus kwa sababu ya das Haus, ambulensi ni der Krankenwagen kwa sababu ya der Wagen. Wauguzi, hilo lishikeni mapema.

Kuna mtu ataniambia, "si wataelewa tu hata nikikosea?" Kweli wataelewa. Hata mtu wa bara akisema "kitabu yangu" tunamwelewa. Lakini muuguzi kwa kawaida anahitajika kufika B2, na der inageuka den au dem kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Kama hukujua kundi tangu mwanzo, kila ngazi unayopanda inakuwa nzito zaidi. Wengi wanaachia hapo, na ada ya mzazi imeshaliwa.

Hiyo ada ndiyo inaniuma. Kuna mama ameuza mbuzi, kuna mzee ameuza maembe ya msimu mzima. Halafu anatokea ajenti anaahidi Kijerumani cha wiki chache na kazi 250,000 zinazongoja, ilhali serikali ya Ujerumani yenyewe ilisema mkataba ule haukutaja idadi yoyote. Anayekuuzia njia ya mkato hatakaa na wewe kwenye chumba cha mtihani.

Kwa hivyo walimu wa Kijerumani mlioko Pwani, fundisheni kwa Kiswahili, anzeni na ngeli. Na wewe msomaji, leo chukua vitu kumi vya jikoni kwenu, viandike na der, die au das na wingi wake. Kisha niwekee hapo chini kimoja kilichokusumbua, tukijadili.